Tajiri Yuko Kariakoo, Macho Yake Yako Katubuka

Tarehe 23 Oktoba 1871 David Livingstone aliingia Ujiji akitokea Manyema, mgonjwa, kakonda kabakia mifupa. Tumaini lake lilikuwa moja: kulikuwa na mzigo wake Ujiji, vitambaa na shanga alizotumiwa kutoka Unguja na Dk. John Kirk wa ubalozi wa Uingereza. Siku zile vitambaa na shanga ndizo zilikuwa fedha. Bila hizo hununui muhogo wala hukodi mpagazi. Mzigo ulikuwa mikononi mwa msimamizi aitwaye Sherifu. Livingstone hakukuta hata doti moja. Sherifu alikuwa ameuza kila kitu, na maelezo yake yalikuwa kwamba alitazamia kwa Kurani akaona mzungu amekwisha kufa. Kisha akaja kumpa mkono mwenye mali, na mkono ulipokataliwa akanuna yeye.

Kwa lugha ya maduka ya leo, hiyo ni shoti. Siku chache baadaye Henry Morton Stanley akafika, na mpaka sasa wageni wanapelekwa Ujiji kuonyeshwa mahali wazungu wawili waliposalimiana. Habari za mzigo uliopotea haziulizwi na mtu. Mimi huzikumbuka kila nipitapo Katubuka na kuona vijicho vyeusi vya kamera juu ya kaunta za maduka, kwa sababu tatizo ni lilelile: mwenye mali hayupo, aliyepo si mwenye mali.

Katubuka ni mojawapo ya kata 19 za Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Si Mwanga, ambako pilikapilika za biashara hazikatiki, wala si Kibirizi kwenye mwalo na boti za Burundi na Kongo. Ni makazi ya watu, na maduka yake ni ya makazi: unga, sukari ya kupima, mawese, sabuni za vipande, viberiti. Pembeni kuna meza ya wakala wa fedha, mbele kidogo duka la dawa muhimu, kisha fundi cherehani mwenye vitenge vya Kongo vinavyoning'inia mlangoni. Mwenye duka mara nyingi yuko mbali. Yuko Kariakoo anafunga mzigo, au kavuka ziwa kwenda Uvira, au yeye ni mtumishi wa umma Dodoma na duka ni mradi wa pembeni. Aliyebaki kaunta ni kijana au binti, pengine katoka Kasulu au Buhigwe, kaletwa mjini kwa neno la shangazi. Mwajiri wake anamwita tajiri, hata kama mtaji wa duka zima haujazi kirikuu.

Zamani matajiri walikuwa na njia zao. Daftari la mauzo lilifungwa kila jioni. Mtoto wa jirani alitumwa kununua sabuni, halafu tajiri akaja kutazama kama fedha ile imeandikwa. Wengine walimweka mpwa wao kaunta kwa kuamini undugu, wakaja kugundua kwamba mpwa akila mtaji huwezi hata kumpeleka polisi, maana dada yako atasimama mlangoni. Siku hizi mtu ananunua kamera. Iko ya balbu, inayofungwa kwenye holda ya taa na kutuma picha kwa intaneti moja kwa moja kwenye simu. Iko seti ya kamera nne yenye kisanduku cha kurekodia kilichofichwa stoo, nyuma ya magunia. Ile ya balbu bei yake haifiki mshahara wa mwezi wa muuza duka.

Nyingi zina spika. Hili nililishuhudia dukani Katubuka, jina la duka nalihifadhi. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, wateja tulikuwa wawili tu: mimi, na mtoto aliyetumwa mawese. Binti muuzaji alikuwa ameegemea kaunta anasoma ujumbe kwenye simu. Ghafla sauti ya mwanamume ikatoka darini, nyuma yake honi za magari zikisikika: "Hiyo simu weka chini. Na hilo boksi la sabuni mbona liko njiani?" Binti akajibu, "Sawa, mzee," akaenda kulisogeza. Mtoto aliinua macho, akatafuta mtu, hakumwona, lakini kwa kuwa amelelewa vizuri akasema, "Shikamoo." Darini pakajibu, "Marahaba, hujambo?" Tulicheka, mimi na mtoto. Binti hakucheka. Aliendelea kupima mawese, na sasa nikaona kwamba kila anapoinua chupa anaielekeza kidogo juu, upande wa kamera, ili ionekane imejaa mpaka wapi.

Ile chupa ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Binti alikuwa akitoa ushahidi kila dakika, kwa kosa ambalo hakuna aliyemshitaki nalo.

Kamera ya kifuani

Katika nchi za wenzetu kamera imeshuka kutoka darini ikaja kukaa kifuani mwa mfanyakazi. Septemba 2023 Tesco, kampuni kubwa kuliko zote ya maduka ya rejareja Uingereza, ilitangaza kuwa itawapa kamera za kuvaa wafanyakazi watakaozihitaji, baada ya mashambulizi dhidi yao kuongezeka kwa theluthi ndani ya mwaka mmoja. Haikuwa peke yake. Chama cha wauzaji wa rejareja cha nchi hiyo kilihesabu matukio ya ukatili na matusi dhidi ya wauza duka yapatayo 1,300 kwa siku katika mwaka wa 2022/23, na mwaka uliofuata yakapita 2,000 kwa siku. Wateja walevi, wezi wa makundi, mtu anayekataa kuonyesha kitambulisho akinunua pombe. Huko Marekani, kampuni ya TJX, yenye maduka ya T.J. Maxx na Marshalls, ilikiri mwaka 2024 kwamba baadhi ya walinzi wake wa mali wanavaa kamera, kwa matumaini kwamba mtu akijua anarekodiwa hupunguza ukali.

Kwa kawaida kamera hizo hubanwa kifuani kama beji na hazirekodi saa zote. Mfanyakazi akiona mambo yanaharibika, anabonyeza, taa nyekundu inawaka, na mara nyingi anamwambia mteja kwa mdomo: sasa nakurekodi. Maana yake ni kwamba kitufe kiko mkononi mwa aliye hatarini. Lenzi inamtazama mteja, na mkanda ukija kuchezwa mahakamani, mara nyingi muuzaji ndiye mlalamikaji.

Kama kweli zinatuliza watu, ni suala jingine. Polisi ndio waliozijaribu kwanza. Katika mji mdogo wa Rialto, California, jaribio la mwaka 2012 na 2013 lilionyesha malalamiko dhidi ya polisi yakishuka kwa karibu asilimia 90, na dunia nzima ikakimbilia kununua. Mwaka 2017 yakatoka matokeo ya jaribio kubwa zaidi, la askari zaidi ya 2,000 wa Washington, na humo hapakuonekana tofauti ya maana kati ya waliovaa na wasiovaa. Wauzaji wa vifaa hivyo wanaitaja sana Rialto.

Sijaona kamera ya kifuani kwenye kaunta ya Katubuka. Itakuja, kwa sababu zinauzwa mtandaoni na mizigo ya Kariakoo haichagui. Wasiwasi wangu ni kwamba itakuja bila ile sababu yake ya asili. Kwetu kamera ya duka haikuletwa na mteja mkorofi. Ingawa mawakala wa fedha wanavamiwa kweli, na kamera iliyoelekezwa mlangoni ina faida isiyobishaniwa, ukitazama kamera nyingi za darini zimegeukia ndani, kwenye droo. Tajiri mwenye fikra hiyo akimvalisha binti kamera kifuani, kitufe hakitakuwa cha binti. Itawashwa asubuhi na kuzimwa usiku, na kila asemalo na shoga yake, kila simu ya mama yake, hata safari ya msalani, vitaingia kwenye simu ya mtu aliye Kariakoo. Ya darini angalau ina kona isizofika.

Shoti inavyotokea

Muulize mtu yeyote aliyeuza duka atakwambia: fedha inayopotea kwa mkono kuingia mfukoni ni sehemu tu ya hadithi.

Gunia la sukari la kilo 50 ukiliuza kwa robo na nusu halitoi kilo 50. Kila kipimo kinaacha punje, mzani unainama upande wa mteja, na mwisho wa gunia unakosa kilo nzima. Mawese yanabaki kwenye kuta za ndoo. Panya wana fungu lao. Chenji ikikosekana, muuzaji anasamehe mia moja hapa na pale. Kuna mikopo: mama mkwe wa tajiri huja akachukua mchele, akasema "nitaongea naye mwenyewe," na haongei. Kuna bei iliyopanda Kariakoo jana, lakini hesabu ya leo imepigwa kwa bei mpya na mzigo uliuzwa kwa bei ya zamani. Kuna makato ya miamala, maana mteja akilipa kwa simu na tajiri akatoa fedha, kiasi kinachomfikia si kile kilichoandikwa daftarini. Ongeza tajiri mwenyewe, anayechota droo jioni kwa haraka akaahidi kuandika kesho.

Vingi kati ya hivyo kamera haivioni. Inaona binti kafungua droo, kashika noti, kafunga. Na wizi wa kileo nao unaikwepa kirahisi: muuzaji mjanja anamtajia mteja namba yake mwenyewe ya simu badala ya lipa namba ya duka. Kwenye mkanda utaona mteja anabonyeza simu, wanaagana vizuri, duka limeuza. Kitakachomkamata mwizi huyo ni stoku iliyohesabiwa na kulinganishwa na mauzo, kazi ya daftari na kalamu ambayo matajiri wengi walioweka kamera wameiacha kwa sababu wameweka kamera.

Umeme ukikatika kamera inakufa na simu inaita hapohapo: "Umeizima?" Ukirudi, saa ya kamera mara nyingine imejirudisha nyuma miaka, na mkanda wa leo unaonyesha tarehe ya zamani kabla duka halijajengwa.

Lakini jambo zito kuliko yote, ambalo wauza duka wengi hawalijui, ni uhai wa picha zenyewe. Kisanduku cha kurekodia kina diski yenye mwisho. Ikijaa, inafuta za zamani na kuandika mpya juu yake. Kwa seti ndogo ya duka hiyo ni wiki mbili, tatu, kutegemea ukubwa wa diski na idadi ya kamera. Kwa kamera ya balbu yenye memori kadi ni siku chache tu. Sasa tajiri anahesabu stoku mwisho wa mwezi. Anakuta pengo. Anamwita binti. Mkanda ambao ungeonyesha mama mkwe akibeba mchele tarehe 4 umekwisha kufutika. Kilichobaki ni vipande ambavyo tajiri alivihifadhi kwenye simu yake siku alipoona kitu kilichomtia shaka. Hivyo ushahidi wa kumtia hatiani upo, na ule wa kumwokoa umejifuta wenyewe bila mtu kukusudia ubaya. Mwenye kamera ndiye anayechagua nini kikumbukwe.

Kitabu cha sheria kinasemaje

Inapofika hapo, kinachofuata kwenye maduka mengi ni kimoja: "Nitakukata." Mshahara wa mwezi unazuiwa wote, mara nyingine wa miezi miwili, na kazi inaishia hapo.

Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hakiruhusu hivyo. Mwajiri anaweza kumkata mfanyakazi kwa ajili ya hasara, lakini lazima hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi huyo. Lazima mwajiri aandike kwa maandishi chanzo cha hasara, kiasi chake na namna alivyokipata. Lazima mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Na makato yote yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Amri ya Mshahara ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha shilingi 150,000 kwa mwezi kwa sekta ya biashara na viwanda. Robo yake ilikuwa shilingi 37,500. Hata binti akikutwa na kosa kweli, tajiri hana ruhusa ya kumrudisha Kasulu mikono mitupu. Kama anaamini ameibiwa, kuna polisi na kuna kosa la wizi wa mtumishi katika Kanuni ya Adhabu, na mkanda wa kamera unapokelewa mahakamani chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, mradi ithibitike haujachezewa.

Sheria hiyohiyo ya Ajira inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi tangu anapoanza: kazi gani, saa ngapi, mshahara kiasi gani. Tembea Katubuka uulize wauza duka wangapi wanayo karatasi hiyo. Wengi watakuonyesha kamera, ndiyo karatasi pekee waliyopewa. Hapo ndipo ninapogombana na matajiri wetu, ambao wengine ni rafiki zangu na ninaelewa machungu yao: kamera imefika dukani kabla ya mkataba.

Kuhusu picha zenyewe, ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, na tangu tarehe 1 Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022. Tume inayoisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Sura ya mtu na sauti yake ni taarifa binafsi. Anayezikusanya anapaswa kumjulisha mhusika kabla, amwambie ni kwa kusudi gani, na asizitumie kwa kusudi jingine. Mhusika naye ana haki ya kuomba kuona kilichokusanywa juu yake. Kwa tafsiri ya kawaida kabisa, binti wa duka ana haki ya kusema: mzee, umesema kamera ni ya wezi, basi isitumike kunihesabia dakika za kusoma ujumbe, na kama unanituhumu kwa tarehe 4, nionyeshe tarehe 4 yote.

Na asisahauliwe mteja. Nenda kwenye meza ya wakala utazame kamera imefungwa wapi. Mara nyingi iko juu ya bega la mteja, ikitazama kaunta, maana yake inatazama kioo cha simu anapobonyeza namba ya siri. Kamera za siku hizi picha yake ni safi. Ukiivuta unasoma tarakimu. Tajiri hakukusudia hilo, lakini simu yake ina namba za siri za mtaa mzima, na siku ikiibiwa ndipo tutakapofahamu. Duka la dawa ni hivyohivyo. Mtu anakuja kwa sauti ya chini kuomba dawa ya ugonjwa ambao hata mkewe hajui, na kamera yenye kipaza sauti inamsikiliza. Taarifa za afya sheria inaziita nyeti, zenye ulinzi wa ziada. Kamera ya kifuani kwa mfamasia ingekuwa inamfuata mgonjwa mpaka anapofunua kidonda.

Waliotangulia kuumwa

Wakubwa wa biashara duniani walikwishapitia haya, na walilipa. Mwaka 2008 jarida la Stern la Ujerumani lilifichua kwamba maduka ya Lidl yaliajiri wapelelezi wakawarekodi wafanyakazi kwa kamera, wakaandika nani kaenda msalani mara ngapi, nani ana mpenzi, nani ana shida ya fedha. Lidl ikatozwa faini ya karibu euro milioni 1.5. Kinachochekesha ni kwamba ni Lidl hiyohiyo iliyotangaza mwishoni mwa 2023 kuwa maduka yake yote ya Uingereza yatakuwa na kamera za kifuani, safari hii kwa usalama wa wafanyakazi wake.

Kesi inayofanana zaidi na ya kwetu ilitoka Hispania. Mwaka 2009 meneja wa duka moja karibu na Barcelona aliona stoku na mauzo haviendani, pengo likafika maelfu ya euro kwa mwezi. Akafunga kamera za wazi mlangoni, akawaambia wafanyakazi. Akafunga na nyingine za siri juu ya mashine za malipo, hizo hakuwaambia. Wafanyakazi 14 walionekana wakipitisha bidhaa bila kulipiwa, wakafukuzwa. Baadhi wakaenda mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg. Januari 2018 wakashinda: faragha yao ilivunjwa. Serikali ya Hispania ikapeleka shauri Baraza Kuu la mahakama hiyo, na tarehe 17 Oktoba 2019 majaji 14 dhidi ya 3 wakageuza hukumu.

Matajiri watapenda mwisho wa kesi hiyo, ila wasome na sababu zake. Hukumu iligeuzwa kwa kuwa mwajiri alikuwa na shaka ya msingi iliyotokana na hesabu za stoku, kamera za siri zilikaa siku 10 tu, zilitazama eneo la malipo pekee, na picha zilionwa na watu wachache. Yaani hesabu ilitangulia, kamera ikafuata, na ikaondolewa. Kamera ya maisha juu ya kichwa cha mtu asiyetuhumiwa chochote haimo katika hukumu ile.

Jirani zetu Kenya wana Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na ofisi ya kamishna wake ina meno. Septemba 2023 ilizitoza taasisi tatu faini, mojawapo ikiwa baa ya Casa Vera ya Nairobi, shilingi za Kenya milioni 1.85, kwa kosa la kubandika mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Wale wanaorusha kwenye makundi ya WhatsApp mkanda wa binti na maneno "huyu ni mwizi, mkimwona mtoe taarifa," kabla hata polisi hawajafungua jalada, waione hiyo na wafikiri.

Kenya hiyohiyo ina mkanda wa duka ambao hautasahaulika. Magaidi waliposhambulia jengo la Westgate tarehe 21 Septemba 2013 na kuua watu 67, kamera za duka la Nakumatt ziliendelea kurekodi. Baadaye taifa likaona wanajeshi waliotumwa kuokoa wakitoka dukani na mifuko ya plastiki. Jeshi mwanzoni lilisema ni maji ya kunywa. Oktoba mwaka huohuo likatangaza kuwa askari wawili wamefukuzwa na kufungwa. Mkanda ule ulifaa kitu kwa sababu haukubaki simuni mwa mtu mmoja.

Nirudi Katubuka, kwa sababu kamera hazitaondoka na mimi sitaki ziondoke. Ninachotaka ni utaratibu, na hauhitaji semina hotelini. Tajiri aandike ukurasa mmoja: kamera ziko wapi, za nini, nani anaziona, picha zinakaa siku ngapi. Aizime spika, kama ana neno apige simu. Kamera ya wakala igeuzwe itazame mlango. Stoku ihesabiwe kila wiki wote wawili wakiwapo, wasaini, ili pengo likionekana mkanda uwe bado upo. Mikopo ya ndugu wa tajiri iandikwe kama ya watu wengine, na mama mkwe asaini. Ikifika siku ya kamera ya kifuani, kitufe awe nacho anayeivaa.

Na wewe uliyeko kaunta: siku unapokabidhiwa duka, hesabu mzigo pamoja na tajiri, mbaki na nakala wote wawili. Piga picha ya daftari kila jioni. Ukituhumiwa, omba mkanda wa siku nzima, kwa maandishi, siku hiyohiyo. Usisaini deni ambalo hujaonyeshwa hesabu yake. Ukiachishwa kazi na unaona umeonewa, peleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa fomu namba 1. Kama umefanya kazi chini ya miezi sita, sehemu ya sheria inayohusu kuachishwa isivyo haki haikuhusu, lakini mshahara uliokwisha kuufanyia kazi unaweza kuudai. Muda wa kufungua shauri la kuachishwa ni siku 30 tangu siku ulipoachishwa. Picha za kamera nyingi za madukani hazifiki siku hizo.